Rambirambi za Mama Aliye Hai

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa mandazi kabla hujalisoma, usijali, nitakukumbusha. Mimi ndiye Nerea, yule Mjaluo wa mdomo mkali anayesimamia msaada wa fedha hapa Lamu. Wiki jana nilikusimulia nilivyosimama mbele ya bosi wangu aliyetoka Nairobi nikamwita Bwana Hadi mwizi.

Wala sikunong'ona. Nilimwita kwa sauti mpaka watu wa duka la chini wakatoka kuchungulia.

Hadi ndiye mkuu wa shirika dogo la hapa mjini, mshirika wetu katika mradi. Kazi tuligawana. Sisi tunatafuta wafadhili na kutuma pesa kwenye simu za watu, wao wanajua nyumba kwa nyumba nani analala njaa. Tangu ukame uwamalize watu, kazi ilikwenda vizuri kila mahali isipokuwa kijiji cha Mkokoni. Walipokea sawa na wenzao wa Kiunga, lakini tukipita kuuliza pesa imenunua nini, chakula kilikuwa kidogo mno. Nyingine imekwenda wapi? Wanawake walitazama chini.

Nani mwingine aliyeingia Mkokoni kila mwezi? Hadi na vijana wake. Nikajumlisha, nikapata Hadi.

Hakujitetea. Alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonichemsha zaidi. "Mungu akupe subira, Bi Nerea," akasema, akatoka zake. Nilidhani ni jeuri.

Bosi wangu, Philip, akasimamisha malipo yote ya Mkokoni. "Nataka mtu wa kule aseme kwa mdomo wake nani anawatoza," akaniambia. "Alhamisi tunakaa na Hadi. Nisipopata jibu, namvunjia mkataba na Mkokoni naitoa kwenye mradi."

Hapo ndipo tulipoachia. Siku chache baadaye, Jumanne, niliamka na hamu ya vita.

Emily aliamka kunipikia chapati. Emily ni rafiki yangu na mfanyakazi mwenzangu. Tulikuwa tunakaa nyumba moja mtaa wa Wiyoni, tunakula sahani moja, na nguo zangu anavaa bila kuomba. Ofisini yeye ndiye anayeshika simu ya malalamiko, ile namba ambayo mtu akionewa anapiga bure.

"Mkokoni hawajawahi kupiga hata mara moja," alinihakikishia, akinifungia chapati. "Hao ni waoga, Nerea. Wanamwogopa Hadi. Nenda ukammalize."

Akanikumbatia mlangoni. Nalikumbuka lile kumbatio mpaka leo, na nikilikumbuka najikuna.

Nahodha wa boti ya kunipeleka Mkokoni alikuwa Hamdu, mpwa wake Hadi. Hakujibu salamu yangu.

"Hamdu, leo umekula nini?"

"Nimekula matusi uliyomtukana mjomba wangu," akasema, akavuta injini, na safari nzima hakufungua mdomo tena.

Haya. Nikajiambia watu wa familia moja lazima wateteane. Nikala chapati zangu.

Mkokoni nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Alawiya, mwenyekiti wa kamati ya akina mama. Ni mwenyeji wa Amu, yaani Lamu mjini, aliyeolewa kule, mama mmoja mpole ambaye hata akikukanya unasikia kama anakubembeleza. Nilimkuta uani na wanawake watano au sita wakisuka mikeka.

"Ndoo, mwanangu, ndoo ukae," akasema, akiniita kwa mkono. "Leo uso wako wanawiri kidogo. Alhamdulillahi. Moyo umetulia?"

"Moyo wangu hauna shida, Bi Alawiya."

"Ndivyo isemwavyo. Huzuni haitoki siku moya."

Sikumwelewa na sikuwa na wakati. Nikaanza bila hata kumaliza salamu, ndio ubaya wangu. "Bi Alawiya, nimekuja kuuliza jambo moja. Nani anawakata pesa?"

Mikono iliyokuwa ikisuka ikasimama.

"Hatukatwi na mtu," akasema taratibu.

"Zinakwenda wapi basi? Mkiendelea kunyamaza, Alhamisi malipo yanakufa kabisa. Mnamficha Hadi kwa nini? Ni mume wenu?"

Zakiya, msichana aliyekuwa amempakata mtoto mchanga, akautupa ukili chini. "Mwambie, Bi! Mwambie, au nitasema mimi! Mwanangu anywa chai ya rangi kwa sababu malipo yamefungwa, na aliyeyafunga ndiye huyohuyo tuliyempa!"

"Mliyempa nani?"

"Wewe!"

"Zakiya!" Bi Alawiya akapaza sauti. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Rambirambi ikishatolewa haitajwi! Na mfiwa hasemeshwi hivyo!"

Mfiwa. Nikatazama nyuma yangu nione nani amefiwa.

"Bi Alawiya," nikasema, "mfiwa ni nani?"

Wanawake wakatazamana. Mmoja akajifunika uso kwa mtandio. Bi Alawiya akanishika mkono, akaniketisha kama mgonjwa.

"Twajua ni tabu kulisema. Emily alitwambia usiulizwe, maana ukiulizwa walia mpaka wazimia. Alitupigia kwa ile simu ya ofisi, akatwambia mamako ametangulia mbele ya haki. Akasema wewe mwenyewe waona haya kuomba. Sisi tukaona, mtoto wa watu yuko mbali na kwao, hana ndugu hapa ila sisi tuliokula naye. Tukachanga."



"Mwezi wa pili akapiga tena," akaendelea. "Akasema huko kwenu maiti hungoja wiki mbili, hukodiwa gari, ng'ombe huchinjwa, watu hulala pale wakila, na deni humwangukia mtoto. Wallahi tulishangaa. Kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri amesitiriwa. Lakini kila watu na kwao. Tukachanga tena. Na mwezi uliofuata."

"Mlimpa nani? Emily mkononi?"

"La, tulituma kwa namba ileile ya ofisi. Alisema ni laini yako. Na kweli, kila tulipotuma jina likatoka lako. Nerea. Roho zikatulia."

Sasa nikaona yote. Nikaona kwa nini walitazama chini nilipowauliza zamu zile zote. Mtu uliyempa rambirambi anakuja na kalamu mkononi anakuuliza pesa yako umepeleka wapi. Utamjibu nini? Utamwambia nimekupa wewe umzike mamako? Walimeza aibu yangu wakanyamaza, na watoto wao wakala kidogo.

Nikainuka.

"Mama yangu hajafa!" nikapiga kelele. "Sikilizeni, mama yangu yuko hai! Yuko nyumbani Ahero, anapika, anagombana na majirani! Emily amewadanganya! Ni mwongo, ni mwizi, ni shetani!"

Nilidhani watafurahi. Jamani, nilidhani hivyo kweli.

Bi Alawiya akauachia mkono wangu. "Basi kwa pesa zetu ulimzika nani?"

"Sikuchukua hata shilingi! Nitawaonyesha. Twendeni."

Simu Mkokoni haishiki kila mahali, inashika pale penye tangi la maji. Nikawatoa uani wote mpaka pale, Zakiya na mtoto wake nyuma. Nikampigia mama nikaweka sauti ya juu ili kila mtu asikie. Nilitaka wajue mimi pia nimesalitiwa.

"Nyathina, mwanangu!" Mama akaitikia, na sauti yake nzima, nzito, isiyo na hata dalili ya mauti. "Umekula?"

"Nimekula, Mama. Mama, niko na watu hapa. Waambie unaendeleaje."

"Mimi? Mimi mzima kabisa! Tangu daktari atoe ule uvimbe, nalala kama mtoto. Jana nimelima." Akacheka. "Hao ni wenzako wa ofisi? Hao walionichangia upasuaji? Waambie Mungu awabariki! Na yule Emily, aliyekusanya pesa yote ile, mwambie namwombea kila Jumapili kanisani. Bila nyinyi ningekuwa udongoni."

Dunia ikasimama.

Maana ni kweli. Miezi mitatu nyuma mama alikuwa anakufa, hospitali inataka pesa kabla ya kisu, na mimi nalia kwenye mto kila siku. Emily akaja chumbani kwangu akaniambia, "Futa machozi. Ofisi imekuchangia." Nilimning'inia shingoni. Nililia mpaka nikailowesha blauzi yake, na pesa ikaingia kwenye simu yangu, na mama akapasuliwa, akapona. Sikuuliza ofisi gani hii isiyochanga hata soda siku ya kuzaliwa. Nani anauliza mamake akipona?

Pesa ya Mkokoni ilikuwa ndani ya tumbo la mama yangu.

Nikatazama wale wanawake. Nilikuwa nimewaleta mwenyewe, kwa miguu yao, waje kusikia ushahidi dhidi yangu. Zakiya alikuwa analia bila sauti.

Bi Alawiya akanyoosha mkono akaichukua simu. Nikajua sasa mama yangu atatukanwa, na atakuwa na haki.

"Mama, masalkheri," akasema. "Mimi ni Alawiya, jirani yake mwanao huku Amu. Kidonda kimepona vizuri?"

"Kimepona, mama yangu. Asante sana."

"Alhamdulillahi. Usibebe mitungi mizito ya mayi, hata kama wajiona una nguvu. Umesikia?"

"Nimesikia. Asante! Nerea, huyu mama ni mzuri sana. Alhamisi nikitoka sokoni nitakupigia unipe tena nimshukuru vizuri, hapa kuna watu wengi."

Akakata. Bi Alawiya akanirudishia simu yangu bila kunitazama.

"Bi Alawiya, sikujua. Naapa sikujua."

"Huenda. Hatutasema kwa mtu, wala hatutaki kurudishiwa. Kilichotolewa kwa jina la maiti hakirudi nyumbani." Akajifunga mtandio wake vizuri. "Ila usiye tena hapa, mwanangu. Tafadhali."

Wakaondoka wote. Ningependa zaidi wanipige mawe.

Niliporudi Wiyoni, Emily alikuwa barazani anapaka rangi kucha za miguu. Akanitazama mara moja tu, akafunga kichupa.

"Umejua," akasema.

"Mama yangu, Emily? Umemuua mama yangu?"

"Punguza sauti, majirani."

"Majirani wako waende wakaoge! Umemuua mama yangu mara tatu! Mara ya kwanza rambirambi, ya pili gari la maiti, ya tatu sijui ng'ombe gani!"

"Nilimponya," akasema, na macho yake makavu kabisa. "Ungepata wapi pesa ile? Kwa Philip? Ulikuwa unalala hapa unalia kama mtoto, na mimi nakupikia uji. Nikafanya kitu. Wewe ulifanya nini, zaidi ya kulia?"

Hapo alinipata.

"Ule mwezi mmoja ulitosha upasuaji," nikasema. "Miezi mingine je?"

Akakifungua kichupa tena.

"Kile kiwanja chako cha kule mjini Hindi. Ulichoniambia kaka yako amekununulia."

"Niliona wanatoa kwa moyo," akasema. "Hawakuuliza hata swali moja. Ningefanyaje?"

"Ungeacha! Ungewaacha na unga wao! Zakiya anampa mtoto mchanga chai ya rangi!"

"Usinipigie kelele za uchungaji. Mtoto anakunywa chai kwa sababu wewe ndiye uliyesimamisha malipo, wewe na mdomo wako. Mimi nilikwambia umwite Hadi mwizi mbele ya Philip? Ulikimbia mwenyewe."

"Naenda kwa Philip sasa hivi."

"Nenda." Akaanza kupaka ukucha mwingine. "Umweleze pia ile laini ya malalamiko imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani. Unakumbuka siku ile tulipokwenda kuinunua? Nilisahau changu nyumbani, ukatoa chako. Ukacheka, ukasema mimi na wewe ni mtu mmoja."

Nilikaa chini, palepale kwenye ngazi.

"Pesa imeingia kwenye laini yako," akasema. "Imetoka humo imekwenda kwenye simu yako, imelipa hospitali ya mama yako. Mimi niko wapi hapo? Sikiliza, Nerea, mimi si adui yako. Wale wa Mkokoni watasema?"

"Hawatasema. Wamesema rambirambi haitajwi."

Akatabasamu. Haki ya Mungu, alitabasamu.

"Basi iko rahisi. Philip ataona pesa zilikuja kwenye laini yako, lazima ataona. Akiuliza, useme mama alifariki na watu wakakupa pole. Si dhambi kupewa pole. Hadi anasafishika, mkataba unarudi, Mkokoni wanalipwa, Zakiya ananunua maziwa. Neno moja tu. Sema amekufa."

"Toka kwangu."

"Nyumba tunalipa wote," akasema, akapuliza kucha zake zikauke.

Nisikudanganye. Siku zile mbili nilizokuwa nangoja Alhamisi nililifikiria neno lile. Nilijaribu hata kulisema mbele ya kioo. Nilimwona mama yangu akilima Ahero huku mimi namzika Lamu, nikakipa kioo kisogo. Halafu nikamwona mtoto wa Zakiya, nikalijaribu tena.

Alhamisi ikafika. Tuliketi wanne kwenye ile meza ndefu. Philip upande mmoja na kompyuta yake. Emily kando yake, amevaa blauzi yangu ya bluu. Hadi akaketi jirani yangu, kanzu safi, tasbihi mkononi. Akaniamkia kwa adabu kama vile sikuwahi kumtukana. Nikaweka simu mezani, kati yangu na yeye.

Philip hakuzunguka. "Nerea, ulimwita huyu bwana mwizi. Jana Emily amenijia na jambo zito. Pesa kutoka Mkokoni zimekuwa zikiingia kwenye laini yenye jina lako. Kabla sijaita polisi, nieleze."

Amenitangulia. Nikamtazama Emily, na yeye akanitazama kwa macho ya rafiki, yale yale ya siku zote, yanayosema usiogope niko hapa.

Kabla sijajibu, Hadi akasimama.

"Bwana Philip, niwie radhi. Jambo hili kwetu haliongelewi, ila naona mtu ataingia matatani bure. Zile ni rambirambi. Bi Nerea alifiwa na mama yake. Akina mama wa Mkokoni walimchangia, wakaniambia, na mimi nikatoa changu. Hakuna aliyemlazimisha mtu."

"Na alipokuita mwizi?" Philip akauliza. "Mbona ulinyamaza?"

"Angekuwa mtu mwingine ningemjibu. Lakini nilijua ana msiba. Nikaona ni uchungu unaosema, si yeye. Ningemwambia nini mbele za watu? Kwamba anauliza pesa aliyopewa kumzikia mama yake? Heri niitwe mwizi."

Mtu niliyemvua nguo hadharani alikuwa amenifunika tangu siku ile, na alikuwa ananifunika tena.

"Ni kweli, Philip," Emily akadakia, na machozi, machozi halisi, yakamtiririka. "Nilikaa naye usiku kucha. Sikujua zile pesa ni za pole, ndiyo maana niliripoti. Nisamehe, Nerea."

Philip akashusha pumzi. Uso wake ukalegea, akafunga kompyuta nusu. "Pole sana, Nerea. Kwa nini hukuniambia? Kama ni hivyo, hakuna kesi. Utapewa onyo, Hadi anarudi kazini, Mkokoni inalipwa leo hii." Akaniinamia kidogo. "Nithibitishie tu kwa mdomo wako. Mama yako alifariki?"

Watu watatu wakanitazama. Emily akanitikisia kichwa kidogo sana, kwa upole.

Nikafungua mdomo.

Simu yangu ikaanza kulia pale mezani, mbele ya wote. Hadi, aliyekuwa karibu nayo, akaiokota kwa adabu anipe, na macho yake yakaangukia kioo. Kilikuwa kimeandikwa Mama.